LIKIZO INA DAFTARI LAKE

Upo msemo ambao watu wetu hupenda kuusema pale mambo yanapowaharibikia: mipango si matumizi. Husemwa sokoni fedha zinapokwisha kabla ya kitoweo kununuliwa, husemwa maofisini mwaka wa fedha unapomalizika na kazi haijafika nusu, na husemwa majumbani kila likizo inapokuja na kupita pasina mtu kunyanyua mguu. Leo, ndugu msomaji, nakusudia kuupinga msemo huo, na ushahidi wangu nitautoa katika jambo ambalo wengi huliona dogo: safari ya mapumziko ya mfanyakazi wa kawaida pamoja na mke wake na watoto wake, nje ya mipaka ya nchi yake, na malazi yao yakiwa hema.

Kila ifikapo Julai, wakati wa kipupwe, visiwa vyetu hupokea familia nyingi kutoka Ulaya. Huwaona baba, mama na watoto wawili au watatu wakipita Darajani na mabegi mgongoni, nasi hujisemea, "Hawa ni matajiri." Baadhi yao ni matajiri kweli. Lakini wengi ni makarani, mafundi, wauguzi na walimu wa shule za msingi, na hao wanaofika huku ni wachache wakilinganishwa na wenzao waliobaki kwao. Wale waliobaki nao husafiri. Hupakia hema katika gari, wakavuka mpaka mmoja au miwili, wakalala chini ya miti kwa wiki mbili, kisha wakarudi kazini. Swali la kujiuliza ni hili: mtu wa mshahara mdogo hulipata wapi jambo hilo?

Jibu nililipata Kikwajuni, Agosti ya mwaka 2023. Nilimkuta mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe wamesimama juani wakiyatazama majumba ya ghorofa kama watu wanaotafuta namba ya mlango. Niliwakaribisha barazani, tukaletewa kahawa, na binti yao aliyekuwa amefuatana nao akawa mkalimani. Mzee alikuwa fundi wa mitambo mstaafu kutoka Dresden. Alisema hawakuja kwa ajili ya pwani peke yake. Alitaka kuyaona majumba yaliyojengwa na nchi ambayo haipo tena.

Vijana wetu huenda hawajui maneno hayo yana maana gani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Jamhuri ya Kidemokrasi ya Ujerumani, yaani Ujerumani ya Mashariki, wakati ambapo nchi nyingi za dunia zilikuwa zikiikwepa. Katika miaka iliyofuata wataalamu wao walifika hapa, na majumba ya Kikwajuni na Kilimani ni matunda ya msaada huo. Nchi hiyo iliyoundwa mwaka 1949 ilikoma tarehe 3 Oktoba 1990. Majumba yangali yamesimama na watu wanaishi ndani yake.

LIKIZO NI HAKI, SI HISANI

Kabla ya kufika katika daftari la wazee hao, yatupasa tujue likizo yenyewe ilitoka wapi, maana haikushuka kutoka mbinguni. Mpaka miaka ya 1930, wafanyakazi wengi wa viwanda barani Ulaya walikuwa bado hawana likizo ya mwaka yenye malipo. Mwezi Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa, baada ya migomo mikubwa iliyoenea nchi nzima, walipata sheria iliyowapa wiki mbili za likizo yenye malipo. Waziri mdogo aliyekabidhiwa michezo na mapumziko, Léo Lagrange, alisimamia tiketi maalumu ya reli iliyopunguza nauli kwa asilimia 40, kwa kuwa alielewa kwamba haki isiyo na nauli ni haki ya karatasini. Wiki ya tatu ikaongezwa mwaka 1956, ya nne mwaka 1969, na ya tano mwaka 1982.

Mwezi huohuo wa Juni 1936, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza juu ya likizo ya mwaka yenye malipo, ukiweka kima cha chini cha siku 6 za kazi. Mwaka 1970 kima hicho kikapandishwa kwa mkataba mpya hadi wiki tatu. Nasi huku tunazo sheria zetu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka, na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, nayo inaitambua likizo ya mwaka.

Ama hema, historia yake ni fupi na ya kupendeza. Aliyeeneza desturi ya kupiga hema kwa mapumziko huko Uingereza alikuwa fundi cherehani wa London, Thomas Hiram Holding. Mwaka 1901 aliasisi chama cha waendesha baiskeli waliolala mahemani, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha mwongozo. Kwa ufundi wake wa nguo alishona mahema mepesi ambayo mtu aliweza kuyabeba juu ya baiskeli. Likizo ya 1936 na hema la fundi cherehani vilipokutana, mfanyakazi aliyekuwa hana fedha ya hoteli akapata pa kulala. Katika safari yoyote ya familia, kitu kinachomeza fedha kwa haraka kuliko vingine ni kitanda cha kukodi. Anayechukua kitanda chake mwenyewe amekwisha kuivunja nusu ya gharama.

DAFTARI LA BIBI MJERUMANI

Yule bibi alipoona nasikiliza kwa makini, alimwambia binti yake anioneshe picha alizokuwa nazo katika simu. Zilikuwa picha za kurasa za daftari lililopigwa mistari, maandishi madogo ya kalamu ya risasi. Ndimo alimokuwa akiandika hesabu za safari zao za kila kiangazi kwenda ziwa Balaton, nchini Hungaria, katika miaka ya 1980.

Balaton ni ziwa kubwa kuliko yote ya Ulaya ya Kati. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 77, haukupungukii sana urefu wa kisiwa cha Unguja toka Nungwi hadi Makunduchi, lakini kina chake kwa wastani ni mita 3 tu. Upande wa kusini mtoto huweza kutembea mbali majini na maji yasimfike kifuani. Kwa sababu hiyo akina mama walilipenda. Zaidi ya hayo kulikuwa na sababu nyingine kubwa, nayo nitaieleza.

Raia wa Ujerumani ya Mashariki hakukosa likizo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilikuwa na idara yake ya mapumziko iliyogawa nafasi katika nyumba za kupumzikia kwa bei nafuu sana. Tatizo ni kwamba waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi. Hata kupiga hema katika pwani ya bahari ya Baltiki, ndani ya nchi yao wenyewe, kulihitaji kibali kilichoombwa miezi mingi kabla. Aliyetaka kwenda Hungaria alihitaji hati ya ziada kutoka polisi. Basi ukurasa wa kwanza wa daftari la bibi yule haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa tarehe: lini kuomba ruhusa kazini, lini kupeleka fomu polisi, lini shule zinafunga. Na ukurasa huo uliandikwa kila mwaka mwezi wa Januari, theluji ikiwa mlangoni.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa mafuta. Gari lao lilikuwa Trabant, gari dogo lenye bodi ya pamba iliyochanganywa na utomvu wa kiwandani, injini ya nguvu za farasi 26, ambalo mtu aliweza kulingojea miaka kumi na zaidi tangu siku ya kujiandikisha. Kutoka Dresden kupitia Prague, Brno na Bratislava hadi ziwani ni takriban kilomita 700. Gari lilikula kiasi cha lita 7 kwa kilomita 100. Basi kwenda ni lita 49, na kurudi ni lita 49 nyingine, ilhali tangi lenyewe halikuzidi lita 26. Mafuta ya kurudi yangenunuliwa kwa fedha za Hungaria. Kwa hiyo, alinieleza bibi yule, kitu cha kwanza alichokitoa katika fungu la fedha za kigeni kilikuwa mafuta ya kurudi nyumbani. Fedha hizo alizitia katika bahasha, akaifunga, na hakuifungua mpaka asubuhi ya kuondoka. Kilichobaki ndicho alichokiita fedha ya safari.

Fedha hizo zilikuwa chache kwa sababu mark ya Mashariki haikuwa na thamani nje ya nchi, na serikali iliruhusu kila msafiri abadili kiasi maalumu tu cha forinti kwa kila siku ya kukaa kwake. Mtu angeweza kuwa na akiba nzuri benki na bado akafika Balaton akiwa maskini. Dawa yake ilikuwa ni kubeba chakula. Ukurasa wa tatu wa daftari una orodha ya makopo: nyama, supu, maharagwe, matunda, kisha viazi, sukari, kahawa, unga, chumvi. Kila kopo limewekewa siku yake ya kuliwa. Siku ya nne kopo hili, siku ya tano kopo lile. Forinti ziliachiwa mambo manne tu: ada ya kiwanja cha mahema, mkate na maziwa, pichi na matikiti ya Kihungaria ambayo kwao yalikuwa adimu, na mara mbili katika safari nzima, lángos kwa kila mtoto, yaani mkate wa kukaanga kwenye mafuta, ndugu wa andazi letu.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa uzito. Gari dogo lilibeba watu wanne, hema, magodoro ya kujaza upepo, jiko la gesi, makopo yote yale, na vipuri: plagi, mkanda wa feni, taa, kiraka cha tairi. Kila kitu kilipimwa kwa mizani ya jikoni. Mzee alicheka akasema kwamba mwaka mmoja mkewe alimtoa viatu vyake vya pili kwa ajili ya makopo matatu ya nyama.

SABABU KUBWA

Sasa niieleze ile sababu. Dada wa bibi yule aliolewa Hannover, Ujerumani ya Magharibi, kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa Agosti 1961. Tangu hapo ndugu hao wawili walitenganishwa na mpaka. Wazee waliostaafu waliruhusiwa kwenda kuwatazama jamaa zao Magharibi, lakini mtu wa umri wa kazi hakuipata ruhusa hiyo ila kwa nadra. Dada wa Magharibi aliweza kuja Mashariki, ila kuanzia Oktoba 1980 kila mtu mzima aliyeingia alilazimishwa kubadili mark 25 za Magharibi kwa kila siku atakayokaa. Kwa familia ya mshahara wa kawaida, wiki mbili za kumzuru ndugu zikawa mzigo.

Hungaria ilizipokea familia zote mbili. Basi ndugu wakaandikiana barua, wakapanga wiki moja, wakapanga na kiwanja kimoja. Kila kiangazi walipiga mahema yao mawili ubavu kwa ubavu, la Mashariki na la Magharibi, watoto wakalala wamechanganyika, na bibi mkubwa, mama yao, akaketi katikati kwenye kiti cha kukunja. Familia nyingi za Kijerumani zilifanya vivyo hivyo. Kumbe ule uangalifu wote wa makopo na lita za mafuta haukuwa kwa ajili ya kuogelea. Lau wangekosea hesabu, wasingekosa starehe tu. Wangekosa mwaka mzima wa kuonana.

MWAKA 1989

Mwaka 1989 mambo yaligeuka. Tarehe 2 Mei serikali ya Hungaria ilianza kuuondoa uzio wa seng'enge katika mpaka wake na Austria. Kiangazi kilipofika, maelfu ya watu wa Ujerumani ya Mashariki walikwenda Hungaria na mahema yao kama kawaida, lakini safari hii wengi hawakuwa na nia ya kurudi. Tarehe 19 Agosti, karibu na mji wa Sopron, katika mkutano wa hadhara uliofanywa mpakani kwa jina la pikiniki, watu zaidi ya 600 walivuka. Mjini Budapest, kanisa moja la mtaa wa Zugliget likageuka kambi ya mahema ya waliokuwa wakingoja. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba mpaka ulifunguliwa rasmi, na katika siku chache watu zaidi ya elfu kumi walipita. Barabarani na viwanjani yalibaki magari na mahema yaliyoachwa.

Mzee alisema jirani yao kiwanjani aliondoka alfajiri na kuliacha hema limesimama, sufuria ikiwa juu ya jiko. Wao walirudi Dresden, kwa sababu mama mzazi wa mzee alikuwa mgonjwa. Lakini binti yao mkubwa, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alivuka pamoja na shangazi zake wa Hannover. Katika daftari, ukurasa wa kurudi wa mwaka huo una hesabu ya mikate ya watu watatu. Binti huyo ndiye aliyekuwa akitufasiria pale barazani. Alipofika hapo katika maelezo alinyamaza kidogo, kisha akaendelea. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba mwaka uleule, na wakaonana kabla ya mwaka kwisha.

Mimi ni mtu niliyelelewa katika kazi ya siasa, na sitaki kulipita jambo hili kwa kufumba macho. Nchi ile iliwapa watu wake kazi, nyumba, shule na likizo ya bei nafuu, na sehemu ya wema wake ilitufikia na sisi. Hata hivyo, katika hesabu zake zote hapakuwa na safu ya yale ambayo bibi yule aliyatanguliza: kuonana na dada yake, na kwenda atakako na kurudi kwa hiari yake. Kitu ambacho hakikuandikwa katika bajeti ndicho kilichoifunga bajeti. Kiongozi anayesoma makala hii na aizingatie habari hiyo kwa utulivu.

SISI NA DAGO

Msomaji wa Chwaka, Nungwi au Wete ataniuliza: "Mambo ya mahema ya Wazungu yanatuhusu nini?" Namjibu kwamba hakuna watu duniani wanaoijua elimu hii kuliko sisi, ila tumesahau kwamba ni elimu. Jina lake ni dago.

Kila msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, wavuvi wa Unguja na Pemba huondoka makwao kwenda kuvua mbali, na tangu zamani wengi wamekuwa wakivuka hadi pwani ya Kenya, wakapiga kambi huko kwa wiki na miezi. Hiyo ni nchi nyingine, mahali pa kulala ni turubai au banda la makuti, na kila kitu hupangwa kabla. Nahodha hahesabu siku za kalenda tu; huhesabu bamvua na maji mafu. Hupima mchele kwa idadi ya vinywa. Hujua maji ya kunywa yatapatikana wapi na kwa bei gani. Huchukua sindano na nyuzi za kushonea nyavu kama yule fundi wa Dresden alivyochukua plagi. Na katika mgao, gharama za chakula na mafuta hutolewa kwanza, ndipo chombo, nyavu na mabaharia wapate mafungu yao. Marehemu baba yangu, aliyepata kwenda dago ujanani, alikuwa na kauli moja aliyotufundisha watoto wake: pipa la maji ya kurudia haliguswi. Niliposikia habari ya bahasha ya mafuta iliyofungwa, nilimkumbuka.

Tofauti yetu na wenzetu ni kwamba sisi dago tumeliacha kuwa la kazi na la wanaume. Hatujafikiri kwamba hesabu hiyohiyo huweza kumpeleka mfanyakazi, mkewe na watoto wake kuonana na jamaa zao, au kuiona nchi ya jirani, bila kukopa.

DENI LANGU

Hapa sina budi kusema jambo linalonihusu. Katika ofisi niliyopata kuiongoza alikuwapo dereva, mtu wa Pemba, mwaminifu na mpole. Mama yake alikuwa ameolewa Vanga, kijiji cha Kenya kilicho karibu kabisa na mpaka wetu, na hakuwahi kuwaona wajukuu zake wanne. Mwaka 2018 dereva huyu alikuja kwangu akasema, "Mkuu, naomba likizo yangu mwezi wa shule kufungwa, nikawaoneshe watoto bibi yao." Nilimwambia, "Subiri kidogo, ndugu yangu, tumalize bajeti kwanza." Mwaka 2019 akaja tena, nami nikamjibu karibu maneno yaleyale. Hakunung'unika. Alipewa siku nne mwezi mwingine, watoto wakiwa madarasani, naye akazitumia kuezeka banda lake.

Mwezi Mei 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, isipokuwa mizigo. Mwezi Juni mama yake alifariki. Dereva alipokea habari hiyo akiwa nyuma ya usukani, nami nimeketi kiti cha nyuma, na hakuweza hata kwenda kuzika. Alisimamisha gari pembeni, akaniomba radhi kwa kuchelewa, kisha akaendelea na safari. Sijapata kuombwa radhi iliyonielemea kama ile.

Bajeti niliyokuwa nikiihangaikia ilikwisha, na nyingine ikaja, na nyingine. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa sikuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Lakini nafsi yangu inajua kwamba likizo ile haikuwa hisani yangu niiahirishe nipendavyo. Ilikuwa haki yake, na nilimnyima kwa kusema "mwakani" mara mbili.

Mwisho wa mwaka 2022 dereva alikwenda Vanga na familia yake kuzuru kaburi na kuonana na jamaa. Safari hii tulikaa pamoja tukaandika. Nauli ya kurudi ndiyo iliyotangulia: kutoka Vanga hadi Lungalunga, kuvuka hadi Horohoro, basi hadi Tanga, na meli hadi Unguja, kwa watu sita. Ikatiwa bahasha. Kisha nauli ya kwenda. Kisha hati za kusafiria na kadi za chanjo, ambazo tulianza kuzishughulikia miezi mitatu kabla, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja kilikuwa na kosa la jina. Kisha mchele, unga na sukari za kuwapelekea wenyeji, ili wageni sita wasiwe mzigo kwa nyumba ya vyumba viwili. Kisha shilingi za Kenya za matumizi ya kila siku, zikagawanywa kwa siku kumi, kila siku na fungu lake. Mwisho akiba, sehemu moja katika kumi ya jumla yote, ya homa na dharura. Nyumba ilipojaa, wavulana walilala nje chini ya turubai na binamu zao. Walirudi na akiba ikiwa haijaguswa, na watoto wanaongea habari za Vanga mpaka leo. Ila aliyepaswa kuwapokea hakuwapo.

NASAHA

Kwa mwananchi nasema hivi. Usiianze hesabu ya safari kwa kuuliza nina shilingi ngapi. Anza kwa kuuliza tutakuwa vinywa vingapi, kwa siku ngapi, na tutarudi kwa njia gani. Tenga fungu la kurudi kabla ya fungu la kwenda. Hati ziandae mapema kuliko mizigo. Malazi na chakula, ambavyo ndivyo vinavyomeza fedha, vibebe mwenyewe kadiri uwezavyo. Safari iwe ya umbali unaolingana na mfuko wako. Hakuna aibu kwenda karibu. Na daftari liwe mikononi mwa yule aliye mwangalifu zaidi nyumbani, ambaye aghalabu si mwanamume. Akiba ya kila mwezi, hata ikiwa ndogo, kwa miezi kumi na moja hutosha jambo ambalo mkopo wa siku moja hulifanya kuwa majuto ya mwaka.

Leo mfanyakazi wa Ujerumani huvuka mipaka mingi ya Ulaya bila kusimamishwa. Hungaria iliingia katika Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na ukaguzi wa mpaka wake wa nchi kavu na Austria uliondolewa Desemba 2007. Lakini daftari halikufa. Bado hukaa mezani Januari kuhesabu kiwanja cha mahema, mafuta, stika za barabara za kulipia za Austria na za Hungaria, bima ya gari, na kuchagua wiki ambayo shule zimefunga lakini bei hazijapanda mno. Uhuru wa kusafiri umewaondolea fomu za polisi, haukuwaondolea hesabu.

Na kwenu nyinyi wenzangu tuliopewa dhamana ya kuongoza watu kazini, nina ombi moja lisilohitaji fungu jipya la fedha. Mwezi Januari, kabla ya jambo lolote, orodha ya likizo ya idara iandikwe, kila jina na tarehe zake, wenye watoto wa shule wapewe miezi ya shule kufungwa, na karatasi hiyo ibandikwe ukutani mahali ambapo dereva na mfagizi wanaiona. Ikishabandikwa, iheshimiwe kama tunavyoheshimu tarehe ya kikao. Kazi za serikali hazitakwisha mwaka huu wala mwakani. Mama zetu, kwa upande wao, wana siku zao zilizohesabiwa, nasi hatujui ni ngapi.

Mwaka huu orodha ya ofisi yangu ilibandikwa tarehe 8 Januari. Jina la dereva ndilo la kwanza.